Mkimbizi na Mkata Miwa: Nani Mwenye Nafuu?



Arua, Koboko, Inde na kila mahali wanapokutana watu wa kazi, kuna mjadala mmoja usiokwisha. Mmoja husema kwamba mkimbizi aliyetoka Sudan Kusini au Kongo anaishi vizuri kuliko sisi, kwa kuwa analetewa chakula, anachimbiwa kisima na kujengewa shule. Mwingine hujibu kwamba mwenye nafuu ni kijana wetu aliyekwenda kukata miwa Kakira, Lugazi au Kinyara, kwa kuwa yeye anashika fedha mkononi. Maneno haya huanza kwa mzaha na huishia kwa chuki. Naona afadhali tuwapime watu hawa wawili kwa mizani moja, kisha tuseme. Tukipima kwa haki, tutaona ni nani hasa anayefaidika na ugomvi wetu.

Wote wawili ni wageni

Kwanza tukumbuke kwamba mkata miwa naye ni mgeni. Nchi yetu ya West Nile ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipofariki mwaka 1909, ikawa chini ya Sudan kwa muda mfupi, kisha ikaingizwa Uganda mwaka 1914, ndipo boma la Arua likaanzishwa. Serikali ya kikoloni haikuifanya nchi hii kuwa ya pamba na kahawa kama Buganda. Iliifanya ghala la nguvu za watu. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha nyumbani hazikuwako. Huko kusini mashamba ya miwa ya Mehta pale Lugazi, yaliyoanza miaka ya 1920, na ya Madhvani pale Kakira, yaliyoanza mwaka 1930, yalihitaji mikono. Basi Walugbara, Waaluri na wengineo wakaandikishwa na kusafirishwa, wengine kwa malori, wengine kwa meli ya mvuke katika Mto Nile. Rhino Camp ilikuwa gati la meli hizo.

Leo jina hilo la Rhino Camp linajulikana duniani kwa sababu nyingine. Ni makazi ya wakimbizi. Wenzetu wa Sudan Kusini walikimbia vita vilivyoanza Desemba 2013, na wengine wengi zaidi wakaja baada ya mapigano ya Julai 2016. Agosti mwaka huo yakafunguliwa makazi ya Bidibidi katika Yumbe, na kwa muda mfupi yakapokea watu zaidi ya robo milioni. Katika Koboko kuna makazi ya Lobule, yaliyopokea Wakongo tangu mwaka 2013. Wengi wa hawa ni Wakakwa na Walugbara kama sisi. Mpaka uliochorwa na wakoloni ndio uliowaita wageni.

Kwa hiyo tuna wageni wawili. Mmoja alifukuzwa na bunduki, mwingine alifukuzwa na ufukara. Kila mmoja anaishi juu ya ardhi isiyo ya baba yake.

Chakula na fedha

Wanaosema mkimbizi anakula bure wanazungumza habari za zamani. Mgawo wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Aprili 2020, na Februari 2021 upungufu ukafika asilimia 40. Waliokuwa wakipewa fedha badala ya chakula waliona shilingi 31,000 za mtu mmoja kwa mwezi zikishuka hadi 22,000, kisha 19,000. Julai 2023 wakimbizi wakagawanywa katika makundi matatu: la kwanza lilipata asilimia 60 ya mgawo kamili, la pili asilimia 30, na la tatu halikupata kitu. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likatangaza kwamba watu milioni moja wanaondolewa katika mgawo kwa sababu fedha za wafadhili zimekwisha. Huyo ndiye mtu tunayeambiwa kuwa ananenepa.

Na mkata miwa je? Ni kweli anapata fedha. Lakini anazipata kwa kipimo cha kazi aliyoimaliza: asipomaliza kipande chake, siku imepotea. Mvua ikinyesha hakuna kazi; akijikata mguu kwa panga, hakuna kazi. Kima cha chini cha mshahara katika Uganda kiliwekwa mara ya mwisho mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na mwaka 1987 sarafu yenyewe ikakatwa sifuri mbili. Hata tukizihesabu 6,000 hizo kuwa shilingi za leo, hazitoshi kununua kilo mbili za sukari ambayo mtu huyo ameikata kwa jasho lake. Februari 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kima cha chini, Rais akakataa kuutia sahihi.

Basi katika mizani hii mkata miwa anamzidi mkimbizi kidogo. Lakini yule anategemea huruma ya wafadhili, na huyu anategemea hisani ya nyapara. Hakuna hata mmoja anayetegemea haki.

Ardhi na nyumba

Mkimbizi hupewa kiwanja. Katika makazi mapya mara nyingi ni mita 30 kwa 30, pa kujenga kibanda na kupanda mboga. Ardhi hiyo haikununuliwa na serikali. Ni ardhi ya koo zetu, iliyotolewa na wazee kwa moyo wa ukarimu, na jambo hilo tujivunie. Lakini mita 30 kwa 30 hazilishi familia, na udongo ukichoka hakuna pengine pa kuhamia. Ndiyo maana mkimbizi hutoka asubuhi kutafuta lejaleja katika shamba la mwenyeji, apate chochote cha jioni.

Mkata miwa hana hata kiwanja hicho. Analala katika kambi ya wafanyakazi, chumba kimoja na wenzake kadhaa, na siku kazi ikiisha na chumba kimekwisha. Lakini yeye ana kitu ambacho mkimbizi hana: nyumbani kwao Terego, Maracha au Koboko kuna shamba la ukoo, na akichoka anaweza kurudi. Mkimbizi akitazama nyuma anaona majivu.

Shule, matibabu na sauti

Katika shule na zahanati mkimbizi ana nafuu, tukiri hivyo bila wivu. Mashirika yamejenga madarasa na vituo vya afya ndani ya makazi, na kwa utaratibu uliowekwa asilimia 30 ya misaada hiyo inapaswa kuwafikia wenyeji. Watoto wetu wanasoma pamoja na watoto wao. Ni kweli pia kwamba madarasa hayo yamejaa kupita kiasi, na mwalimu mmoja anabeba mzigo wa walimu watatu. Mtoto wa mkata miwa, kwa upande wake, ama anabaki kijijini na bibi yake bila kumwona baba, ama anakua kambini karibu na miwa, na mara nyingi huishika panga kabla hajaishika kalamu vizuri.

Kuhusu sauti, sheria inasema maneno mazuri kwa wote. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Sheria za kazi za mwaka huo huo zinampa mfanyakazi haki ya mkataba na ya kujiunga na chama. Kanuni za mwaka 2011 zinasema kibarua hawezi kuwekwa kuwa kibarua zaidi ya miezi minne; baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Sheria ya mwaka 2022 imemtaka kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, achangie Mfuko wa Hifadhi ya Jamii: mwajiri asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 5. Lakini ndugu zangu, ni vibarua wangapi mnaowajua ambao wamekaa miaka mitatu bila kipande cha karatasi?

Asiyehesabiwa

Kuna mgeni wa tatu ambaye mabishano yetu humsahau. Ni mkimbizi aliyetoka katika makazi akaja kupanga chumba mjini Arua au Koboko. Amekuja kwa sababu ya shule ya watoto, au hospitali, au kibarua cha kubeba matofali. Katika vitabu vya serikali jina lake limebaki kwenye makazi; mjini hahesabiwi kama mkimbizi, ila Kampala tu. Kwa hiyo hana mgawo hapa, na fedha za kuendesha mji hazitolewi kwa hesabu yake. Mfanyakazi huyu ndiye rahisi kuliko wote kunyonywa, maana akidai ujira wake anaambiwa, "Rudi kambini kwenu."

Nchi mbili za mbali

Tutazame kidogo ng'ambo. Uswidi, baada ya Vita Vikuu vya Pili, iliwaajiri Wafini, Wayugoslavia, Wagiriki na Waturuki katika viwanda vyake. Vyama vya wafanyakazi vya nchi ile vilishika msimamo mmoja: mgeni aje, lakini alipwe sawa na mwenyeji kwa kazi ile ile. Mwaka 1976 wageni waliokaa miaka mitatu wakaruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Uswidi si peponi; hata leo mgeni huko hupata kazi kwa taabu kuliko mzawa. Lakini tajiri hakuachiwa nafasi ya kumtumia mgeni kama nyundo ya kumpigia mwenyeji.

Jordani ilifuata njia nyingine. Ilipokea wakimbizi wengi sana wa Siria, na huo ni ukarimu mkubwa kwa nchi isiyo tajiri. Februari 2016, katika mkutano wa London, iliahidi kuwafungulia wakimbizi hao hadi nafasi 200,000 za kazi, nayo ikaahidiwa mikopo na soko la Ulaya. Lakini kazi nyingi ziliendelea kufungwa kwa wageni, vibali vya kwanza vilimfunga mtu kwa mwajiri mmoja, na kwa miaka mingi kima cha chini cha mgeni kilikuwa chini ya kile cha mwenyeji. Sheria inapouza jasho la mgeni kwa bei rahisi, tajiri atamnunua nani? Na mwenyeji aliyekosa kazi atamlaumu nani?

Haya si mambo ya Uswidi na Jordani tu. Ni mambo ya shamba la tumbaku, tanuri la matofali na ghala la mazao hapa kwetu.

Jibu kwa wanaolalamika

Najua wapo watakaosema: "Lakini wakimbizi wameshusha bei ya kibarua." Sikatai. Mwenye njaa hukubali nusu ya ujira. Lakini nani aliyepanga ile nusu? Si mkimbizi. Zamani huko kusini wenyeji walisema maneno hayo hayo juu yetu, kwamba watu wa West Nile wanakubali kazi chafu kwa fedha kidogo. Tulikuwa tumeshusha bei sisi, au walioipanga ni wenye mashamba?

Wala tusisahau deni. Jeshi lilipoingia West Nile Oktoba 1980, na baada ya mauaji ya misheni ya Ombaci ya Juni 1981, watu wetu walivuka kwenda Zaire na Sudan kwa malaki. Waliotupokea ni wazazi na mababu wa hawa tunaowaita leo wala bure. Wengi wetu hatukukaa kambini. Tulilima mashamba ya Wasudani kwa kibarua, tukalipwa kwa muhogo. Barbara Harrell-Bond aliandika habari za ukimbizi huo katika kitabu chake cha mwaka 1986, akaonyesha jinsi msaada unaotolewa bila kuwasikiliza watu unavyoweza kuwadhoofisha.

Tufanye nini?

Kwanza, mkimbizi anayefanya kazi ni mfanyakazi. Chama kimwandikishe, na mikutano iendeshwe kwa lugha anayoielewa: Kiswahili, Kakwa, Kilugbara, Kiarabu cha Juba. Pili, kila kibarua ahesabu siku zake na aandike mahali. Ikifika miezi minne, adai mkataba, na wenzake wasimame naye. Tatu, tudai kima cha chini kipya, kimoja kwa mwenyeji na mgeni. Tukidai cha mwenyeji peke yake, tutakuwa tumemwandikia tajiri ruhusa ya kutufukuza. Nne, madiwani wetu wadai wakimbizi wa mijini wahesabiwe, ili shule na maji ya Arua na Koboko yapate fungu linalolingana na watu waliopo.

Basi nani mwenye nafuu? Mkimbizi ana shule lakini hana pa kurudi. Mkata miwa ana fedha kidogo lakini hana pa kulala pake mwenyewe. Mwenye nafuu ni yule anayewaajiri wote wawili na kuwaacha wabishane. Wahenga walisema, wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Siku hizi ni nyasi zinazopigana zenyewe kwa zenyewe, na tembo anakula.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.