Msilisingizie Jiwe

Msomaji, kuna desturi mbaya inayoenea katika kisiwa cha Mombasa, nami nataka kuipinga waziwazi. Mtu akikosa waifai katika chumba chake cha kulala hulaani vitu viwili: kwanza nyumba, kisha kampuni. Nyumba huambiwa ni ya kizamani. Kampuni huambiwa ni ya wezi. Baadaye mtu huyo huyo huenda kwa mwizi wake kununua kifurushi kikubwa zaidi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, lakini haijapata kusikika habari ya mbaazi uliolilipa jua fedha.

Nasema haya kwa kuwa nami nalikuwa miongoni mwa wajinga hao. Nimepanga vyumba viwili na ukumbi mdogo huko Kibokoni, katika nyumba kuukuu iliyogawanywa. Fundi aliifunga ruta dirishani, kando ya mlango wa ngazi, kwa sababu hapo ndipo waya ulipoingilia. Kwa miezi minne nalilipia kasi maradufu, na kwa miezi hiyo yote mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, aliendelea kukaa ngazini usiku, maana chumbani mwake masomo hayakufunguka. Fedha iliyopotea nimekwisha kuisahau. Msichana kusomea gizani ngazini, watu wakimpita, si jambo la kusahau.

Kweli, ukuta una sehemu yake. Waliojenga Mji wa Kale walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, wakafanya kuta nene, aghalabu zikikaribia nusu mita, zikinge joto la mchana. Na vyumba wakavifanya vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko ina kikomo cha urefu wake. Mawimbi yapitayo katika ukuta kama huo hufifia, na ukuta ulionyonya unyevu huyafifisha zaidi. Lakini ahamiaye fleti mpya ya Tudor, akidhani ameukimbia ukuta, atakutana na zege lenye nondo, na chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka. Jiwe la babu halina kosa la peke yake.

Kosa kubwa ni kuchanganya safari mbili. Kasi uinunuayo hufika kwenye ruta. Kutoka ruta hadi simu yako ni safari nyingine, na kifurushi hakiitii nguvu safari hiyo hata kidogo. Kebo za TEAMS na SEACOM, zilizofika Mombasa mwaka 2009, zimevuka maelfu ya kilomita chini ya bahari. Nasi twayapoteza yote katika mita tatu za mwisho! Simama hatua moja mbele ya ruta, upime kasi. Kisha upime chumbani. Ikiwa ni njema pale na duni huku, ugonjwa uko nyumbani mwako. Ikiwa ni duni hata pale, basi nenda ukamlaumu muuzaji, nami nitafuatana nawe.

Nilipofanya jaribio hilo niliona haya. Nusu ya mawimbi niliyoyalipia ilikuwa ikitoka dirishani kuwahudumia paka wa uchochoro. Nikanunua waya wa mita chache, nikaipandisha ruta juu ya kabati ukumbini, mahali panapotazama milango yote miwili, kwani wimbi hupita mlangoni kwa urahisi kuliko ukutani. (Wako waifichao ndani ya zidaka kwa urembo, huko ni kuizika.) Ruta nyingi hutoa masafa mawili: gigahezi 5, yenye kasi katika chumba kimoja, na gigahezi 2.4, ivumiliayo ukuta zaidi. Chumba cha nyuma nilikipa hiyo ya pili. Na kwa kuwa majirani tumesongamana, niliichagulia njia yenye fujo kidogo kati ya 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani.

Utaniambia: mbona madukani kuna vijisanduku vya kurudia mawimbi? Viko, na vyafaa vikiwekwa katikati ya njia. Lakini watu huviweka katika chumba kile kile kisicho na mawimbi. Kisichosikia kitarudia nini? Mwingine atasema tutoboe ukuta. Mji wa Kale umehifadhiwa kwa sheria, na chokaa kuukuu humong'onyoka kwa kishindo cha mashine; tena waya waweza kupita chini ya mlango kama apitavyo mende, bila kumwomba mtu nyundo.

Nimekwisha kurudia kifurushi changu kidogo. Mpwa wangu sasa husomea kitandani, jambo asilolipenda mama yake, na ngazi tumewaachia paka.