Kufuli Halitibu Arosto

Arosto ni jina ambalo watumiaji wa heroini wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wameyapa mateso ya mwili uliokosa unga. Huanza kati ya saa 6 na 12 tangu kete ya mwisho. Mwanzoni ni miayo, makamasi na machozi yasiyokauka. Kisha mifupa inauma, tumbo linakata, vinyweleo vinasimama, mtu anatapika na kuharisha, miguu haitulii na usingizi hauji. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote, na ndani ya siku 10 hivi mateso hupungua. Kwa kuwa arosto ina mwanzo na mwisho unaojulikana, imezaliwa imani inayokubalika mitaani na hata kwa wasomi: teja, yaani mtumiaji wa unga, afungiwe chumbani wiki moja, alie, atapike, aombe, asifunguliwe, naye atatoka mzima. Akirudia, hana nia. Imani hiyo ni potofu, na inaua watoto wa watu.

Upotofu wake unaanzia pale inapochukua arosto kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Heroini hushika vipokezi vya ubongo vinavyotuliza maumivu na kuleta raha. Ikija kila siku, ubongo hujirekebisha: hupunguza utulivu wake wa asili na kudai kipimo kikubwa zaidi ili kupata matokeo yaleyale. Unga ukikatwa, mwili hufurukuta kwa siku chache kisha hutulia. Hamu haitulii kwa siku 10. Usingizi mbovu, moyo mzito na kukosa furaha katika jambo lolote huendelea kwa wiki au miezi, na kona ya mtaa, rafiki wa zamani au harufu tu inaweza kuiamsha hamu upya. Anayefunguliwa mlango siku ya nane amevuka sehemu inayoonekana. Sehemu iliyo ndefu ndiyo kwanza inaanza, na familia imekwisha kushukuru na kutawanyika.

Hatari kubwa iko hapo. Heroini huua kwa kudhoofisha pumzi. Mtumiaji wa kila siku hustahimili kipimo ambacho kingemuua asiyetumia, lakini ustahimilivu huo huporomoka haraka anapokaa bila unga. Hivyo kete aliyoimudu mwezi uliopita inaweza kusimamisha pumzi yake leo. Katika jimbo la Washington, Marekani, watafiti waliwafuatilia zaidi ya wafungwa 30,000 walioachiwa huru, wakachapisha matokeo mwaka 2007: katika wiki mbili za kwanza za uhuru, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Utafiti mdogo wa Uingereza wa mwaka 2003 unaumiza zaidi. Kati ya wagonjwa 137 waliolazwa ili kuondolewa afyuni mwilini, watatu walikufa kwa kuzidisha dawa ndani ya miezi minne, na wote watatu walikuwa miongoni mwa waliomaliza tiba hiyo vizuri. Msibani husemwa marehemu alikuwa ameshaacha, akarudia. Chumba kilichomwondolea ustahimilivu, kisha kikamrudisha mtaani bila tiba, hakitajwi na yeyote.

Hata arosto yenyewe si salama nyuma ya kufuli. Kutapika na kuharisha kwa siku tatu bila maji ya kutosha kunaweza kuua, na kwa mjamzito kukatwa ghafla kunamhatarisha aliye tumboni.

Imani hiyohiyo inapohamishiwa kwa mlevi wa pombe, inakuwa ya kutisha. Wengi hudhani kwamba pombe, kwa kuwa inauzwa dukani, ni rahisi kuachwa kuliko unga. Mwilini mambo ni kinyume. Pombe hupunguza kasi ya ubongo, nao ubongo wa mlevi wa kila siku hujizoesha kukimbia ili uende sawa. Ndiyo maana mikono hutetemeka asubuhi mpaka azimue. Kuzimua, kunakofanyiwa mzaha vilabuni, ni kutibu arosto ya pombe kwa pombe. Akinyimwa ghafla, ubongo unabaki ukikimbia bila breki. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne, wengine huweweseka: huona wadudu ukutani, hawajui walipo, homa na mapigo ya moyo hupanda. Kabla ya tiba za kisasa hali hiyo iliua hadi mgonjwa mmoja kati ya watatu.

Zamani madaktari wengi walidhani chanzo cha hali hiyo ni lishe duni. Mwaka 1955 watafiti wa Lexington, Kentucky, walichapisha jaribio la kuwanywesha pombe watu waliolishwa vizuri na kupewa vitamini. Waliokunywa kwa wiki saba au zaidi walipokatwa ghafla, baadhi walipata degedege na kuweweseka vilevile. Jaribio hilo leo lisingeruhusiwa, lakini jibu lake halikuacha shaka. Dawa zipo: diazepamu inayopunguzwa hatua kwa hatua, na vitamini B1 ya kuulinda ubongo. Familia inayodhani mzee kaingiwa na pepo, ikamfunga kamba, inamnyima tiba iliyopo katika hospitali ya wilaya.

Kwa heroini tiba yenye ushahidi mwingi ni methadoni, na hapo imani ya kufuli hupata mshirika: kwamba methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Heroini hupanda ghafla na kushuka ndani ya saa chache, ikimrudisha mtu kutafuta pesa, pengine kwa wizi au sindano ya kuazima. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, huzuia arosto kwa siku nzima, na kwa kipimo sahihi haimleweshi aliyeizoea. Mgonjwa huamka na fikra zake, akaenda kazini. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walilionyesha hilo New York mwaka 1965, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni katika orodha ya dawa muhimu. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa Februari 2011, Mathari ya Nairobi mwishoni mwa 2014, kisha Malindi na Mombasa mwaka uliofuata.

Methadoni ina hatari zake. Ikichanganywa na pombe inaweza kuzima pumzi, na ikikatwa ghafla huleta arosto ndefu kuliko ya heroini. Kwenda kliniki kila siku kunakula nauli na muda wa kibarua. Soba hausi, nyumba wanamoishi pamoja wanaoacha ulevi, nazo zimewasaidia wengi kwa kuwapa wenzao wanaojua njia, ila zile zisizo na daktari hazifai kumpokea mlevi wa pombe anayetetemeka. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na teja aliyekwisha kuvuka arosto aambiwe waziwazi kwamba kipimo chake cha zamani sasa kinaweza kumuua. Akikutwa anakoroma kwa shida, midomo imegeuka rangi na haamki, asiachwe alale: alazwe ubavu, asaidiwe kupumua, akimbizwe hospitali, ambako dawa ya naloksoni inaweza kumrudishia pumzi ndani ya dakika chache.