Koti la babu na hadithi ya Burma

KOTI kuukuu la kijeshi likikutwa kwenye sanduku la bati, hadithi yake huwa fupi: babu alipigana Burma. Watoto wanaikariri, na koti lenyewe hakuna anayelitazama.

Familia moja ya Cheyo, mjini Tabora, ilikuwa nayo hadithi hiyo. Mtoto wa darasa la sita akataka kuvaa koti kwenye igizo la shule. Mama yake alimkatalia, na alifanya vizuri. Sheria inakataza raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia kuzisalimisha. Jirani akashauri lichomwe moto, yaishe. Mama akaona kwanza ajue ni la nani, ndipo aulize wahusika la kufanya.

Alianza na vifungo vya shaba. Hapo taji husema mengi. La enzi za wafalme George wa Tano na wa Sita limeviringa juu kama kuba. La Malkia Elizabeth, aliyerithi kiti mwaka 1952, limebonyea katikati. Vifungo vya Cheyo vilikuwa vimebonyea, na Vita vya Pili viliisha mwaka 1945. Vifungo hubadilishwa, ni kweli, lakini hivi vyote vilikuwa vya aina moja, na uzi wake umechakaa sawasawa.

Si kwamba Burma ni ya kubuni. Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000 katika vita ile, na wako wa KAR, au Keya kama wazee walivyoiita, waliopigana bonde la Kabaw mwaka 1944. Alama ya divisheni yao ilikuwa kichwa cha kifaru. Wala si kila koti la namna hii ni la askari. Wacheza ngoma ya beni nao walivaa kijeshi na kupeana vyeo.

Mama akaenda kwa mama yake mzazi.

“Shikamoo mama. Hivi baba alifika Burma kweli?”

“Marahaba. Nani kakwambia?”

“Si ndivyo tunavyosema siku zote?”

“Mlisema wenyewe, naye akanyamaza. Wakati wa Burma baba yako alikuwa anachunga mbuzi.”

Aliingia jeshini baadaye, miaka ya hamsini. Januari 1964 alikuwa kwenye kikosi cha Tabora. Tarehe 20 mwezi huo askari wa Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara na maofisa wa Kiingereza waondoke. Kesho yake Tabora ikafuata. Tarehe 25 wanajeshi wa Uingereza, kwa ombi la serikali, waliwanyang’anya silaha wale wa Colito. Jeshi likavunjwa, askari wengi wakarudishwa makwao, na Septemba 1 mwaka huohuo JWTZ likaanzishwa.

“Aliniambia hakumgusa mtu,” bibi alisema. “Lakini ukishasema ulikuwa askari mwaka ule, nani anakuuliza ulifanya nini? Burma ilimpumzisha.”

Je, mtoto aambiwe? Wapo wazazi watakaosema angali mdogo. Mtoto wa darasa la sita anayeweza kusimulia vita vya Burma anaweza pia kuelewa kwamba babu yake alifukuzwa kazi na akaona haya. Huyu aliambiwa, na swali lake la kwanza lilikuwa kama babu alilipwa mshahara wa mwezi ule. Bibi hakukumbuka.

Koti halijafuliwa, wala vifungo havijasuguliwa, maana sabuni hufuta wino. Ndani ya ukosi kuna tarakimu zilizofifia. Mama alizipiga picha kwa simu, akaikuza picha, na bado mbili za mwisho hazikusomeka. Bibi hakutaka hata kuitazama. Alizitaja zote kwa kichwa, mtoto akaandika.