Waya wa meno ya mtoto utolewe lini?

Mama mmoja wa Leicester ametuandikia. Mwanawe wa miaka 9 alianguka na skuta, jino la mbele likang'oka zima. Lilirudishwa siku hiyo hiyo, likafungwa kwa waya pamoja na meno ya jirani. Daktari kasema waya utolewe baada ya wiki 2. Lakini familia inasafiri kwenda Mombasa kwa wiki 6, na bibi wa mtoto anashauri waya ukae mpaka warudi, ili jino lishike vizuri.

Bibi hajakosea kuwaza hivyo, maana mkono uliovunjika hufungwa plasta kwa wiki kadhaa. Jino, hata hivyo, halijagandana na mfupa. Limeshikwa na nyuzi laini sana, na nyuzi hizo hupona vyema zaidi zikiachiwa mtikisiko mdogo. Ndiyo sababu waya wenyewe huwa mwembamba, usiozidi milimita 0.4. Jino lililong'oka tayari lina hatari ya kugandana na mfupa, hasa kama lilikaa nje likakauka. Likigandana, mfupa huanza kuula mzizi, na kwa mtoto taya huendelea kukua huku jino hilo likibaki nyuma ya wenzake.

Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2020 inataja wiki 2 kwa jino la ukubwani lililong'oka zima au lililochomoka nusu. Lililosukumwa upande, au kuzama ndani ya ufizi, ni wiki 4. Mfupa unaobeba meno ukivunjika, wiki 4 pia. Mzizi ukivunjika karibu na ufizi, waya huweza kukaa hadi miezi 4. Kwa hiyo msilinganishe mtoto wenu na wa jirani. Jino la utotoni likitoka halirudishwi kabisa. Hilo litupeni juu ya paa kama tulivyofanya sisi.

Kwa mama wa Leicester kuna jambo kubwa kuliko waya. Kama mzizi umeshakomaa, tiba ya ndani ya mzizi inapaswa kuanza ndani ya hizo wiki 2. Kama bado haujafunga, jino hufuatiliwa kwa karibu lisije likaoza ndani kimyakimya. Sogezeni safari ikiwezekana. Isipowezekana, wekeni miadi na daktari wa meno Mombasa kabla ya kupanda ndege, na mchukue picha za eksirei pamoja na barua inayoeleza tarehe ya ajali, jino lilikaa nje muda gani, na waya utoke siku gani.

Kwa sasa asicheze mpira. Apige mswaki laini kila baada ya kula, ale vyakula laini, na mahamri ya bibi ayachovye kwenye chai.