Mashine ya kutafutia rupia na ruhusa ya mwenye nyumba

 

Ndugu msomaji, si jambo geni katika miji yetu ya zamani kusikia habari za watu wanaotafuta rupia na mali inayodaiwa kufukiwa na Wajerumani. Siku hizi wapo wanaotumia mashine ambayo hupeleka nguvu ya sumaku ardhini, na metali iliyomo hujibu kwa mlio. Mara nyingi kinacholia ni msumari au kizibo cha soda, lakini shimo huwa limekwishachimbwa uani kwa mtu.

Kutafuta riziki si kosa. Tunachohoji ni namna watu hawa wanavyoingia katika makazi ya wenzao. Sura ya An-Nur, aya ya 27 na 28, inatukataza kuingia nyumba isiyo yetu bila ya kutaka idhini na kuwatolea salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Atasema mtu kwamba yeye hakuingia ndani, amepita ukingoni mwa ua tu na mashine yake. Na akumbuke kisa cha yule aliyechungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Sahl bin Saad. Alikemewa vikali, akafahamishwa kuwa idhini imewekwa kwa sababu ya jicho. Basi chombo kinachopekua chini ya sakafu ya mtu ni jicho pia, tena kali kuliko la kawaida.

Idhini hiyo itolewe na nani? Mpangaji wa chumba kimoja hana mamlaka juu ya ua wa nyumba nzima. Mtoto aliyekutwa barazani hana. Nyumba ya marehemu ambayo mirathi yake haijagawanywa ni ya warithi wote, akiwemo mjane na dada aliyeolewa mbali. Kaka mkubwa hawezi kuwasemea kwa kuwa tu ndiye mwenye ufunguo. Na anayemwambia bibi kizee kwamba anapima njia ya bomba la maji, kumbe anatafuta dhahabu, hakupewa ruhusa yoyote. Aliyeridhia bomba hakuridhia hazina.

Kwa hiyo mgawo wa kitakachopatikana uzungumzwe kabla mashine haijawashwa, mbele ya mashahidi. Wanavyuoni wametofautiana kuhusu hazina za kale zilizofukiwa, ambazo khumsi yake hutolewa zaka. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa sana pwani yetu, iliyokutwa katika ardhi yenye mwenyewe ni ya mwenye ardhi akiidai. Rupia za Kijerumani, zilizoanza kutolewa mwaka 1890, hata si za zama hizo za kale. Huenda aliyezifukia ni babu wa nyumba ileile, na wajukuu wake wako hai. Watu wengi huruka hapa kwa haraka, wakidhani kila kilicho chini ya udongo hakina mwenyewe.

Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyenunua ardhi akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Aliupeleka kwa muuzaji akisema alinunua ardhi, si dhahabu. Muuzaji naye akakataa kuupokea. Walikwenda kuamuliwa, kila mmoja akimsukumia mwenzake mali! Sisi leo tunachimba usiku ili jirani asijue.

Serikali nayo ina neno. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa anayechimbua mabaki ya kale, hata kama mwenye uwanja ameridhia. Jirani naye aarifiwe, maana msingi wa ukuta wake uko hatua chache tu kutoka kwenye shimo. Na shimo lifukiwe siku hiyohiyo na udongo ushindiliwe, kabla mvua haijalijaza maji na watoto hawajatoka kucheza.