“Tafuta kwenye intaneti” si jibu kwa kijana wa Goma

GOMA – Kijana aliyekimbia vita huko Masisi au Rutshuru akisema anataka kujifunza Kihispania, watu wanamjibu kwa namna mbili. Wa kwanza wanacheka: “Kihispania cha nini, na chakula chenyewe hakuna?” Wa pili wanajiona wakarimu zaidi: “Tafuta kwenye intaneti, kila kitu ni bure.” Jibu la kwanza ni dharau, na kijana anaizoea. La pili ndilo baya zaidi, kwa sababu linafanana na msaada wakati halimpi kitu chochote.

Ni nani aliyewahi kupata intaneti ya bure Goma? Mega zinanunuliwa. Kuchaji simu kunalipwa kwa familia zisizo na umeme nyumbani, yaani karibu familia zote zilizohamishwa na vita. Simu yenyewe mara nyingi ni moja kwa watu sita, na mama anaihitaji kwa kupokea makuta kutoka kwa ndugu. Tangu vita vilipoingia mjini mwisho wa Januari 2025 hali imezidi kuwa ngumu. Benki zilifunga milango, kambi zilizozunguka mji zikabomolewa, watu wakaambiwa warudi vijijini. Waliobaki wanaishi kwa familia zilizowapokea, na huko hakuna anayethubutu kuomba umeme wa saa nzima kwa ajili ya “hola” na “gracias”.

Ukweli ni kwamba masomo yapo, na mengine ni mazuri sana. Lakini yametengenezwa kwa mtu mwenye umeme, mwenye mega zisizoisha na mwenye kadi ya benki. Programu ya simu inaanza bure, halafu inaweka matangazo, na matangazo nayo yanakula mega. Anayetaka kuyaondoa, au kupata masomo ya kutumia bila mtandao, anaombwa kulipa kila mwezi kwa kadi. Kijana wa Mugunga ataitoa wapi kadi hiyo?

Hesabu ya mega ni rahisi, na wanaotoa ushauri wangeifanya kwanza kabla ya kusema. Video ya dakika 10 yenye picha inayoonekana vizuri inaweza kula mega 50. Somo la sauti la dakika 10, likihifadhiwa kwa kiwango cha kawaida cha sauti ya mtu anayeongea, linachukua mega 5 hivi. Kwa mega za video moja, kijana angepata masomo 10 ya sauti. Tena sauti ikishapakuliwa mara moja inasikilizwa mara mia bila kununua kitu. Kumwambia kijana “angalia YouTube” bila kumweleza tofauti hiyo ni kumfanya atumie makuta yake kwa siku moja na kuacha kusoma siku ya pili.

Kuna kizuizi kingine ambacho watu wachache wanakitaja: lugha ya kufundishia. Anayefungua Duolingo hawezi kujifunza Kihispania kwa Kiswahili. Lazima apitie Kifaransa, Kiingereza au lugha nyingine ya mbali. Kumbe programu hiyohiyo inawafundisha Kiswahili watu wanaojua Kiingereza tangu mwaka 2017. Language Transfer, kazi ya mwalimu Mihalis Eleftheriou, inatoa bure masomo 90 ya sauti ya Kihispania, na pia masomo 110 ya Kiswahili. Yote mawili yanaelezwa kwa Kiingereza. Kwa maneno mengine, mtu wa London anaweza kujifunza Kiswahili bure akiwa kitandani, lakini Mswahili wa Goma anayetaka Kihispania anaambiwa kwanza akajue lugha ya mtu mwingine. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba zinasema kwamba lugha hii ina wasemaji zaidi ya milioni 200. Hao milioni 200 bado hawajahesabiwa kuwa wanafunzi.

Atakayesema kwamba haiwezekani kufundisha lugha ya Ulaya kwa Kiswahili atazame Wajerumani. Redio yao, Deutsche Welle, ilitengeneza Radio D, hadithi ya waandishi wa habari Paula na Philipp inayofundisha Kijerumani kwa maelezo ya Kiswahili. Wajapani nao, kupitia NHK, wana masomo ya Kijapani kwa Kiswahili. Kijapani! Kama lugha ya Tokyo inaweza kufundishwa kwa Kiswahili, ya Madrid inashindwa wapi? Haikushindwa. Hakuna aliyeamua kuifanya.

Na hasara yake ni kubwa, kwa sababu Mswahili yuko karibu na Kihispania kuliko anavyodhani. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na zinasomwa kama za Kiswahili. Maneno karibu yote yanasomwa jinsi yalivyoandikwa, jambo ambalo Kifaransa na Kiingereza hakina. Ile ñ yenye alama juu ni “ny” ya nyumba: España inasomwa Espanya. Vya kukumbuka ni vichache: h haitamkwi, na j inatoka kooni kama “kh”.

Katika vitendo, Mfaransa lazima aseme “je parle”, maneno mawili. Mhispania anasema “hablo”, neno moja, na ndani yake mtu anajulikana, kama vile “nasema”. “Hablas” ni unasema, “hablamos” ni tunasema. Tofauti ni kwamba Kiswahili kinaweka alama ya mtu mwanzoni, Kihispania kinaiweka mwishoni. Mtoto wa Goma angeielewa kwa dakika tano kama angeelezwa kwa lugha yake. Akielezwa kwa Kifaransa, anaanza kumtafuta “je” aliyepotea.

Hata jinsia ya maneno, ambayo inawatesa Waingereza, haipaswi kumtisha mtu aliyekua na ngeli. Anayesema “kitabu kizuri, vitabu vizuri” ameshazoea kwamba sifa inalifuata jina. “Libro bueno, libros buenos” ni mchezo uleule, tena Kihispania kina makundi mawili tu.

Na maneno yenyewe mengine ni ndugu. Bendera ni “bandera”, meza ni “mesa”, mvinyo ni “vino”, kwa sababu Wareno walioleta maneno hayo pwani ya Afrika Mashariki wanaongea lugha ya ukoo mmoja na Wahispania. Sukari ni “azúcar”, kwa kuwa Waarabu walifika Hispania kama walivyofika Zanzibar. “Hasta” katika “hasta mañana”, yaani hadi kesho, ina asili moja ya Kiarabu na “hata” ya Kiswahili, ambayo wazee waliitumia kwa maana ya mpaka. “Ojalá”, neno la kuombea jambo litokee, ni jamaa wa inshallah. Haya yote hayamo katika masomo ya Kifaransa, kwa kuwa aliyeyaandika hakumfikiria Mswahili.

Sasa warudi wale wanaocheka. Wanasema mwenye njaa hahitaji Kihispania. Lakini somo la redio la dakika 15 halichukui hata kikombe kimoja cha maharagi kwa mtu. Kinachochukua ni kukaa miezi bila shule, bila kazi na bila kitu cha kufikiri isipokuwa habari za vita. Wazazi waliohamishwa wanajua jambo hilo. Wanaona mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani akishinda amekaa mlangoni.

Wanasema pia kwamba Kihispania ni cha mbali. Kiko mbali kiasi gani? Guinea ya Ikweta, nchi inayokaa pamoja na Kongo katika jumuiya ya CEEAC, ina Kihispania kama lugha rasmi. Askari wa Uruguay wa MONUSCO wamekuwa Goma kwa miaka mingi, na lugha yao ni Kihispania. Kila Jumamosi na Jumapili vijana wanajaa kwenye vyumba vya video kuangalia Real Madrid na Barcelona, na Cédric Bakambu wa Leopards amecheza Villarreal na Betis. Ni lugha ya nchi 20. Kijana anayeitaka hajachanganyikiwa.

Wenye hoja nzito zaidi ni wale wanaosema aanze na Kiingereza, kwa sababu Uganda na Rwanda ziko hapa karibu na mashirika yanaajiri wanaokijua. Hiyo ni kweli, na anayetafuta kazi mwezi ujao wamshauri hivyo. Lakini kizuizi ni kilekile. Masomo ya Kiingereza nayo yanamkuta na mega, na umeme, na maelezo ya lugha nyingine. Njia itakayofunguliwa kwa Kihispania itapitisha Kiingereza pia. Kuchagua lugha ni haki ya mwanafunzi. Hakuna anayemuuliza mtoto wa Gombe, kule Kinshasa, kwa nini anasoma Kihispania.

Ni nini basi kifanyike? Kwanza, waache kuwatuma vijana mtandaoni mmojammoja. Mtu mmoja mwenye kompyuta apakue mara moja, agawie wengi. Masomo yote 90 ya Language Transfer, yakihifadhiwa kwa kiwango kile cha sauti, hayajazi giga 1. Masomo ya zamani ya Foreign Service Institute, shule ya wanadiplomasia wa Marekani, yapo na sauti na vitabu vyake, na kwa kuwa ni kazi ya serikali ya nchi hiyo yanagawiwa bila kulipia haki ya mtunzi. Goma haikosi vijana wanaoishi kwa kuweka nyimbo na filamu kwenye kadi za memori. Wanaoweka nyimbo 200 kwa dakika kumi wanaweza kuweka masomo 90 kwa dakika chache. Baada ya hapo simu moja inaipa nyingine kwa Bluetooth, bila mega hata moja.

Pili, masomo hayo yaelezwe kwa Kiswahili. Goma ina chuo kikuu, ina walimu wa lugha wasio na mshahara wa uhakika, ina watu waliofanya kazi ya ukalimani. Wawili kati yao, na kinasa sauti cha simu, wanatosha kuanza. Mashirika yanayochapisha mabango kuhusu “elimu ya kidijitali” yangelipa walimu hao kwa miezi mitatu kwa gharama ya semina moja ya hoteli. Na ubalozi wa Hispania mjini Kinshasa ungeulizwa waziwazi: Ujerumani na Japani wameweza kwa Kiswahili, ninyi je?

Tatu, redio. Mwaka 2020, korona ilipofunga shule, Radio Okapi ilitangaza masomo ya watoto katika kipindi cha Okapi École. Redio za mitaa nazo zina saa za mchana zinazojazwa na muziki uleule. Dakika 15 kwa siku, mara tatu kwa wiki, zingemfikia hata yule asiye na simu. Mkurugenzi wa redio anayesema wasikilizaji hawatapenda angejaribu kwanza. Wasikilizaji hao ndio wanaokariri majina ya wachezaji wa Hispania bila kukosea.

Na vijana wenyewe wasidanganywe. Pointi za Duolingo si cheti. Cheti kinachotambuliwa duniani kwa Kihispania ni DELE, kinachotolewa na Instituto Cervantes baada ya mtihani. Mtu yeyote anayeuza “cheti cha mtandaoni” pamoja na ahadi ya visa ya Hispania anawaibia. Lugha haitoi visa, na masomo ya sauti peke yake hayatoshi. Lazima kuwe na mtu wa kuongea naye, hata kama ni rafiki anayejua kidogo zaidi. Wanne wenye kadi moja ya memori, wakikutana jioni mara tatu kwa wiki, watafika mbali kuliko mmoja mwenye giga 10 peke yake.

Kuanzia leo, anayeulizwa na kijana kuhusu Kihispania, na ambaye ana kompyuta, ana umeme na ana mega, asimjibu tena “tafuta kwenye intaneti”. Atafute yeye, apakue, ampe mkononi. Kama hawezi kufanya hata hilo, basi akubali kwamba ushauri wake haukuwa msaada.