MGENI WA SIKU MOJA: FUNZO LA BANDARI YA SKAGWAY

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe akalime. Lakini zama hizi yuko mgeni wa namna nyingine ambaye jembe hapewi kamwe, kwa sababu hata hizo siku mbili hakai. Hushuka asubuhi kutoka katika meli kubwa ya watalii, hutembea mjini, hununua kidogo, hupiga picha, na jioni hurudi melini kula na kulala. Usiku meli hung'oa nanga, na kesho yake huja nyingine.

Mgeni huyu anajulikana katika bandari za Mombasa na Unguja, na kila nchi yenye pwani inatamani fedha zake. Yafaa basi tuuchunguze mji mmoja mdogo ambao umemtegemea kuliko kitu kingine chochote, ili tuone faida yake na hasara yake. Uchunguzi huu unawahusu hasa askari jeshi na polisi, kwani habari za mji huo, tangu siku ya kwanza, ni habari za ulinzi na utawala wa sheria.

WENYEJI WACHACHE, WAGENI WENGI

Mji wenyewe ni Skagway, katika jimbo la Alaska nchini Marekani. Umejengwa mwisho wa ghuba nyembamba, kati ya milima mirefu yenye theluji. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 1,240 tu. Hata hivyo mwaka 2019, kabla ya maradhi ya Korona, abiria wa meli wapatao milioni moja walifika katika mji huo. Katika siku moja ya kiangazi meli tatu au nne huweza kufunga gatini kwa pamoja, na wageni wanaoshuka wakapita 10,000. Hivyo basi kila mwenyeji mmoja hukutana na wageni wanane au zaidi kabla jua halijatua.

Mgeni hana haja ya kwenda mbali. Kutoka gatini hufika kwa miguu katika barabara kuu iitwayo Broadway, yenye majengo ya mbao yaliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na kuhifadhiwa na serikali tangu mwaka 1976. Hapo ataona ukumbi mmoja wa mwaka 1899 ambao uso wake umefunikwa kwa maelfu ya vipande vya miti vilivyookotwa ufukweni. Akiwa na fedha zaidi hupanda garimoshi la White Pass, ambalo hupanda mlima kiasi cha mita 870 katika mwendo wa kilomita 32 tu. Reli hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1898 na 1900, miaka ileile ambayo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ikisogea kuelekea Ziwa Viktoria. Mwishoni mgeni huenda makaburini nje ya mji, akasimama mbele ya makaburi mawili: la tapeli na la mtu aliyempiga risasi.

Wageni wengi hucheka wanapoyatazama makaburi hayo. Lakini kisa chake si cha kuchekesha.

MJI USIO NA SHERIA

Dhahabu ilipogunduliwa katika eneo la Klondike, nchini Kanada, mwaka 1896, habari zilienea ulimwenguni, na kuanzia Julai 1897 meli zilishusha watu kwa maelfu katika ufuko wa Skagway. Kabla ya hapo aliishi hapo nahodha mzee aliyeitwa William Moore, ambaye alikuwa amejipimia shamba mwaka 1887. Umati haukumjali. Walipima barabara juu ya shamba lake, wakagawana viwanja, naye ikamlazimu kudai haki yake mahakamani kwa miaka mingi. Na kabla ya Moore, nchi hiyo ilikuwa ya watu wa kabila la Tlingit, ambao njia za mlimani zilikuwa zao kwa biashara. Wao hawakuulizwa lolote.

Kufikia mwaka 1898 mji ulikuwa na maelfu ya watu, lakini serikali yake ilikuwa jina tu. Katika pengo hilo akaingia Jefferson Randolph Smith, aliyejulikana kwa jina la utani la Soapy, pamoja na genge lake. Watu wake walikwenda gatini kuwapokea wageni kwa maneno matamu, wakajifanya wenyeji wema, wachungaji au waandishi wa habari, kisha wakawaongoza kwenye michezo ya kamari ya udanganyifu. Yasemekana hata walikuwa na ofisi ya simu za maandishi ambayo waya zake hazikufika popote. Mgeni alilipa kupeleka salamu nyumbani, salamu zikaishia ukutani.

Jambo la kutia uchungu zaidi ni kwamba ofisa wa serikali aliyewekwa hapo kulinda sheria alikuwa upande wa genge. Kwa hiyo aliyeibiwa hakuwa na pa kushtaki. Mnamo Julai 4, 1898, Soapy Smith aliongoza maandamano ya sikukuu ya taifa akiwa juu ya farasi, kama mtu mheshimiwa. Siku tatu baadaye mchimbaji mmoja aliporwa dhahabu yenye thamani ya dola zipatazo 2,700. Wananchi wakaghadhibika, na tarehe 8 wakakutana gatini. Soapy alikwenda na bunduki, akakutana na mlinzi Frank Reid, risasi zikalia. Soapy alikufa papo hapo, na Reid akafa kwa majeraha siku 12 baadaye.

Leo watu husimulia kisa hiki kama hadithi ya ushujaa. Sisi tunapaswa kukitazama kwa jicho la askari. Wananchi hawakuchukua silaha kwa kupenda vita. Walizichukua kwa kuwa mwenye kazi hiyo aliiuza kazi yake. Na damu iliyomwagika gatini ilikuwa bei ya hongo aliyokula mtu mmoja mwenye cheo.

MLIMANI PALIKUWA NA ASKARI

Ajabu ni kwamba kilomita chache juu ya mji huo hali ilikuwa tofauti kabisa. Mapema mwaka 1898 askari polisi wapanda farasi wa Kanada waliweka vituo vyao katika vilele vya njia za mlimani, penye mpaka, wakiwa na bunduki za Maxim. Walikuwa wachache mno wakilinganishwa na umati uliokuwa ukipita. Walitoza ushuru, na hawakumruhusu mtu kuendelea bila chakula cha kumtosha mwaka mzima. Amri hiyo ilionekana ngumu, kwani kwa vyombo na chakula mzigo wa mtu mmoja ulifikia karibu tani nzima, ambayo alilazimika kuipandisha kwa safari nyingi. Lakini kwa hakika iliwaokoa wengi wasife njaa katika nchi ya barafu.

Watu waliopita mjini na waliopita mlimani walikuwa walewale. Dhahabu waliyoitafuta ni ileile. Kilichotofautiana ni askari waliokutana nao: chini walimkuta ofisa aliyenunuliwa, juu waliwakuta wasionunulika. Bunduki za Maxim zilisaidia, lakini bunduki peke yake isingalitosha kama askari aliyeishika angalikubali kupokea kitu mkononi.

Mwaka 1899 serikali ya Marekani ilipeleka katika eneo hilo Kombania L ya Rejimenti ya 24 ya askari wa miguu. Hawa walikuwa Wamarekani weusi, watu ambao nchi yao wenyewe iliwanyima haki nyingi. Walikaa Skagway hadi mwaka 1902, wakilinda amani na kuiwakilisha serikali yao wakati mpaka na Kanada ulikuwa bado unabishaniwa. Tena mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wahandisi weusi wa Rejimenti ya 93 waliteremka katika bandari hiyo kwenda kujenga barabara kuu ya kijeshi ya Alaska. Mgeni wa siku moja apitaye Broadway akitafuta kaburi la tapeli huelekea kuwasahau askari hao, ambao utumishi wao ulikuwa na manufaa zaidi.

CHAKULA KUTOKA CHUNGU KIMOJA

Sasa tuutazame uchumi. Skagway imekuwa ikila kutoka chungu kimoja kwa kila zama. Kwanza ilikuwa dhahabu. Msukumo wa dhahabu ulipokwisha, watu wakatawanyika, na mji jirani wa Dyea, uliokuwa mshindani wake, ukafa kabisa. Kisha ikawa kusafirisha madini ya Kanada kwa reli. Migodi ilipofungwa mwaka 1982, garimoshi likasimama. Lilipofufuliwa mwaka 1988 lilifufuliwa kwa ajili ya watalii. Chungu cha tatu ni meli.

Mwaka 2020 chungu hicho nacho kilipinduka. Kwa sababu ya Korona, meli kubwa hazikufika msimu wote. Mwaka 2021 tatizo likawa la kisheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli yenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria baina ya bandari za Marekani bila kupitia bandari ya nchi nyingine, na Kanada ilikuwa imefunga bandari zake. Ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria ya muda mwezi Mei 2021 ndipo meli kubwa zirudi Julai. Mji mdogo ukajikuta unangoja uamuzi wa miji mikuu miwili iliyo mbali sana nao.

Wala si kila fedha ya mgeni hubaki mjini. Safari nyingi za nchi kavu huuzwa ndani ya meli, na kampuni ya meli hukata fungu lake. Maduka kadhaa ya vito ni ya watu wanaokuja majira ya kiangazi na kufunga milango msimu unapokwisha. Ndiyo sababu wananchi wa Alaska walipiga kura mwaka 2006 kumtoza kila abiria kodi, na leo dola 5 za kodi hiyo kwa kila abiria hupelekwa katika kila moja ya bandari saba za kwanza anazozuru.

NANI MWENYE GATI?

Swali kubwa zaidi lilihusu gati lenyewe. Mwaka 1968 mji uliikodisha kampuni ya reli ufuko wake kwa miaka 55. Wakati huo hakuna aliyeota kwamba meli zingeleta watu milioni moja. Mwaka 2015 ulipoletwa mkataba mpya wa miaka mingine mingi, wananchi waliukataa kwa kura. Wakangoja, na Machi 2023 muda wa ukodishaji ukaisha, mji ukarudishiwa mamlaka juu ya ufuko wake.

Lakini mamlaka huja na mzigo. Mwaka 2022 miamba iliporomoka kutoka mlimani juu ya gati kubwa kuliko yote. Sehemu ya gati ilifungwa kwa usalama, na baadhi ya abiria wakawa wanaletwa pwani kwa mashua. Kila siku ya kufunga ilikuwa hasara, na bado watu wangeweza kufa kama gati lingeachwa wazi. Hapa uongozi ulipimwa kwa kipimo kilekile cha mwaka 1898: je, mgeni anayeteremka ni mtu wa kulindwa, au ni mfuko wa kupekuliwa?

Hilo ndilo funzo la Skagway kwa kila nchi inayowakaribisha wageni wa siku moja. Mgeni huyo hana ndugu mjini, hajui njia, wala hana muda wa kurudi kesho kufuata kesi yake. Mtu wa kwanza anayemwakilisha mwenyeji mbele yake ni askari wa lango la bandari. Akimkuta mwaminifu, atasema nchi ni nzuri. Akiombwa kitu kidogo, hata milima na bahari havitamfutia aibu hiyo moyoni. Na mwananchi anayemwona askari akimnyenyekea mgeni huku akimpiga kikumbo mchuuzi wa machungwa hatauamini ulinzi huo hata kidogo.

Basi ili mwenyeji apone kweli, gati halina budi kuwa chini ya mamlaka ya wenyeji, chakula kipikwe katika vyungu zaidi ya kimoja, na askari wa langoni asiwe na bei.